Kabla Kijana Hajadisko

Kijana anayedisko chuo kikuu hapa Tanzania hupata habari hiyo akiwa peke yake, kwenye simu. Jioni zinaanza tetesi katika kundi la WhatsApp la darasa kwamba matokeo yametoka. Wote wanaingia kwa pamoja, mfumo unaelemewa, unagoma, unafunguka tena saa saba usiku wenzake wameshalala. Kuna orodha ya masomo na herufi zake, chini kuna GPA, na pembeni kuna safu ya maelezo yenye neno moja au mawili. Wengi wanakuta wamefaulu. Baadhi wanakuta sapu, yaani mitihani ya kurudia. Wachache wanakuta wamedisko, yaani wameondolewa masomoni. Hakuna aliyewapigia simu kabla, wala aliyewaita ofisini saa nne asubuhi wakae kitini waelezwe. Barua ikija baadaye, aghalabu inahusu kitambulisho, vitabu vya maktaba na ufunguo wa chumba.

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na ninachotaka kusema leo ni kwamba afya ya akili ya mwanafunzi huanza kulindwa kwenye dawati la taaluma, mbele ya daftari la alama, muda mrefu kabla hajafika kwa mnasihi. Sisi tumezitenga kazi hizi mbili kana kwamba zinawahusu watu wawili tofauti. Alama ni za idara, machozi ni ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ikifika Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunatundika mabango, tunamwalika daktari azungumze ukumbini, tunapiga picha. Ni jambo zuri na sitaki liachwe. Lakini mwanafunzi ambaye hajafanya jaribio hata moja tangu muhula uanze hayupo ukumbini siku hiyo, na mtu anayeweza kujua kwamba hayupo ni yule anayeshika orodha ya alama zake.

Anatoka wapi kijana huyu? Juzi tu alikuwa kidato cha sita, shule ya bweni, mchepuo wa masomo matatu. Kengele ilimwamsha, patroni alimkagua, mwalimu wa darasa alijua jina lake na wilaya anayotoka. Asipoonekana kwenye foleni ya ugali, kuna mtu aliuliza. Akapata divisheni wani, nyumbani wakachinja. Akaenda JKT kwa mujibu wa sheria, akarudi, akapanda basi kwenda chuoni na tranka lake. Sasa amekaa katika ukumbi wa watu mia tano, mhadhiri yuko mbali kule mbele, kipaza sauti kinakatika, na kila aliyemzunguka naye alikuwa kinara shuleni kwao. Akikosa wiki tatu mfululizo hakuna kengele itakayolia. Jaribio la kwanza anapata 9 kwa 20, la pili 6. Kufaulu ndiko kulikompa jina kwao, na sasa hafaulu. Hana mtu wa kumwambia, maana kila anayempigia simu anamuuliza, "Msomi wetu, vipi huko?"

Hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2018 watafiti wanaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, WHO, walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi nane. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini. Asilimia 35 walionyesha dalili za kuwahi kuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili, sonona ikiongoza. Umri wa kuingia chuo ndio pia umri ambao maradhi mengi ya akili hujitokeza. Na WHO inaweka kujiua katika nafasi ya tatu miongoni mwa sababu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Hao ndio tunaowasajili kila mwaka wa masomo unapoanza.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo nasaha za maneno matupu hukwama. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapata hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Kiwango kilipanda kutoka 8,500. Bumu, yaani fedha hizo, linaingia kwa mkupuo. Siku ya kusaini, sehemu yake inaondoka kwenda nyumbani, kwa sababu mdogo wake anadaiwa sare na bibi anahitaji dawa. Nyingine inalipa deni la mama lishe wa getini. Iliyobaki ndiyo imfikishe bumu lijalo. Asiye na mkopo yuko pabaya zaidi. Anasubiri awamu ya pili, anasubiri awamu ya tatu, anasubiri dirisha la rufaa, na siku zote hizo anabebwa na rafiki aliyepata chumba, wanalala kitanda kimoja, anaingia usiku na kutoka alfajiri mlezi wa bweni asimwone. Vyuo vimejitahidi kujenga. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, peke yake mabweni yaliyofunguliwa Aprili 2017 yaliongeza nafasi 3,840. Waombaji wangali wengi kuliko vitanda.

Bumu likiisha kabla ya wakati wake, simu inamletea mkopo wa dakika tano. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyokuwa na leseni. Kila mwenye mdogo wake chuoni anajua kausha damu hizi zinavyodai. Zinawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu ya mkopaji, mjomba, mchungaji, mwalimu wake wa sekondari, kwamba fulani ni tapeli na wao ndio wadhamini wake. Kijana wa miaka ishirini na moja anaamka anakuta simu imejaa maswali ya ndugu. Usitarajie saa moja asubuhi atakuwa kiti cha mbele akisikiliza mhadhara wa takwimu. Na baada ya wiki sita, idara itaandika kwamba hana bidii.

Kinachonipa matumaini ni kwamba haya yote huacha dalili mapema, na dalili hizo tayari tunazo mikononi. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula zina uzito wa asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60. Kufikia wiki ya nane, mhadhiri ana jaribio la kwanza, kazi ya kikundi, pengine na mahudhurio ya semina. Anayezama anaonekana, mbele ya jina lake kuna vistari mahali penye namba za wenzake. Kuviona vistari hivyo hakuhitaji shahada ya saikolojia. Kunahitaji mtu mmoja ambaye ni kazi yake kuinua simu na kusema, "Njoo kesho tuongee."

Mtu huyo, kwenye karatasi, yupo. Anaitwa mshauri wa kitaaluma na kila mwanafunzi amepangiwa wake. Waulize wanafunzi wanamjua kwa lipi, watakwambia kwa saini. Mwanzoni mwa muhula fomu ya usajili wa masomo inadai saini yake, basi CR, mwakilishi wa darasa, anakusanya fomu za wenzake, anazipenyeza chini ya mlango, kesho yake zinatoka zimesainiwa zote kwa mpigo. Nimeona fomu iliyosainiwa ambamo mwanafunzi alikuwa amejiandikisha somo la mwaka wa tatu kabla ya kufaulu somo linalolitangulia la mwaka wa pili. Aliyesaini hakusoma. Angekuwa amekaa na kijana yule hata dakika kumi, angejua kwamba analikimbia somo la mwaka wa pili kwa sababu ya mambo yaliyompata mwaka ule.

Siwalaumu wahadhiri wenzangu. Mtu mwenye madarasa manne makubwa na wanafunzi wa uzamili wa kuwasimamia, na ambaye cheo chake kitapanda kwa machapisho, anapewa orodha ya wanafunzi mia na zaidi wa kuwashauri bila hata saa moja kuingizwa kwenye mzigo wake wa kazi. Atasaini tu. Saa hizo zihesabiwe. Ziwemo kwenye ratiba kama vipindi vilivyomo, na mtu akiomba kupandishwa cheo aulizwe pia amewasaidiaje wale aliopangiwa. Bila hivyo tutaendelea kuchapisha miongozo mizuri ambayo hakuna mwenye muda wa kuitekeleza.

Mwaka mmoja, chuo ninachokumbuka lakini sitakitaja, nilimkuta kijana wa mwaka wa pili kwenye benchi nje ya idara. Jina lake nililijua kwa sababu safu yake ilikuwa tupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Majaribio yote mawili hukufanya. Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, siumwi. Nilikuwa silali tu."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue."

Mapajani alikuwa na kauntabuku jipya. Alilifungua kwa sababu ya kukosa la kufanya na mikono: kurasa zote nyeupe isipokuwa ya kwanza, ambako aliandika jina la somo langu na kulipigia mstari kwa rula, mara mbili, kwa wino mwekundu. Kidogo kidogo akaeleza. Watu wa mkopo wa simu walikuwa wamemwandikia baba yake, na baba tangu siku hiyo hapokei simu zake. Nikamwambia chuo kina wanasihi, twende nikupeleke sasa hivi. Akatazama chini. "Mwalimu, pale ndipo waliponiita juzi kwa kesi ya chumba." Alikuwa akibebwa, mlezi akamkamata, na kamati iliyomhoji ilikaa mlango wa pili kutoka kwa mnasihi.

Hakwenda. Tulipita njia nyingine, kwa daktari wa zahanati ya chuo, na baada ya kuchelewa mwaka mmoja alihitimu. Lakini alichosema pale kwenye benchi kinaeleza ugonjwa mzima wa mpangilio wetu. Ofisi ile ile inayopanga vyumba, inayosikiliza mashtaka ya nidhamu, inayoandika barua za onyo, ndiyo tunayotaka mwanafunzi aende akafungue moyo wake. Mnasihi anaweza kuwa mtu mwema na msiri kuliko wote, lakini mwanafunzi anayepita korido ile haangalii wema wa mtu, anaangalia kibao cha mlangoni na nani aliyemwona akiingia. Chumba cha unasihi kiondolewe pale. Kipelekwe karibu na maktaba, au zahanati, au ghorofa moja na idara kubwa, mahali ambapo kuingia kwake hakusemi chochote. Na mnasihi asiwe mjumbe wa kamati yoyote ya nidhamu, wala asiulizwe na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kumwadhibu mwanafunzi.

Hapa kuna hofu ya haki kabisa, kwamba siri zitavuja: nikisema dawati la taaluma na chumba cha mnasihi viongee, sisemi viambiane siri. Habari zipite upande mmoja. Mshauri wa kitaaluma anamwambia mnasihi, "Huyu hajaonekana, tafadhali mtafute." Kinachozungumzwa ndani kinabaki ndani, na kinachorudi idarani ni neno moja tu, kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe, kwamba apewe muda. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, habari za afya ya mtu si za kujadiliwa kwenye kikao cha idara huku chai inapita. Nimeona vikao ambavyo mhadhiri mmoja anasema "huyu ana matatizo ya akili, tusihangaike naye" na wengine wanatikisa kichwa. Kikao cha namna hiyo kinaweza kumfungia kijana milango yote ya chuo kwa sentensi moja, naye asijue kamwe kwa nini.

Niseme zaidi kuhusu kuahirisha masomo, kwa sababu sijui sehemu nyingine ambapo ushauri wa kitaaluma na tiba vinagusana kwa karibu namna hii, na ni hapa vijana wengi wanapotea. Vyuo vyetu vina kanuni inayomruhusu mgonjwa kuahirisha mtihani, muhula au mwaka mzima akiwa na vyeti vya daktari. Sonona ni ugonjwa. Cheti chake kina uzito uleule wa cheti cha malaria kali au mguu uliovunjika. Lakini maombi huletwa kabla ya mtihani. Mwenye sonona halali, hali, hawezi kukusanya nguvu za kufuata karatasi ofisi tatu, na zaidi ya hayo hajui kama anaumwa. Anadhani amekuwa mvivu na mjinga. Basi anajikokota hadi chumba cha mtihani, anaandika namba yake ya usajili na nusu ukurasa, anatoka. Matokeo yakitoka amedisko. Akileta cheti mwezi Septemba anaambiwa ulishakaa kwenye mtihani, ulijihesabu mzima. Wiki mbili tu mapema, mtu mmoja anayejua kanuni angemwokolea mwaka wake.

Na hata anayeahirisha anahitaji mtu wa kumshika mkono, kwa sababu bumu husimama. Lazima apite kwa afisa mikopo, taarifa zake ziwekwe sawa Bodini, arudi mwaka unaofuata aombe kurejeshewa. Wapo wanaoogopa kuahirisha kwa sababu hiyo tu, wanang'ang'ania darasani wakiwa wagonjwa kwa kuwa chakula chao kimefungwa kwenye usajili. Mnasihi asiyejua taratibu za mkopo hawezi kumsaidia huyu, na afisa mikopo asiyejua sonona ni nini atamwona msumbufu. Wakae meza moja. Wala si lazima waunde kitengo kipya. Inatosha wakutane kila Jumatano na orodha ya majina, wakubaliane nani anamtafuta nani.

Wapo waliokwisha kufanya jambo la aina hii na tunaweza kuona lilivyokwenda. Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, Marekani, kina wanafunzi wengi wa familia maskini, wengi wao Wamarekani weusi. Mwaka 2003 ni asilimia 32 tu ya walioanza pale walikuwa wanahitimu ndani ya miaka sita. Kuanzia 2012 chuo kikaweka mfumo unaofuatilia viashiria zaidi ya 800 vya kila mwanafunzi: amejisajili somo lisilo lake, amepata C katika somo la kwanza la fani yake, hajatokea. Mashine ilitoa ishara tu. Kazi ilifanywa na washauri wa kitaaluma walioajiriwa kwa wingi hadi kila mmoja akawa na wanafunzi wapatao 300, nao ndio waliomwita kijana ndani ya siku chache. Wakaweka pia ruzuku ndogo za dharura kwa waliobakiza ada kidogo na walikuwa karibu kufutiwa usajili. Kiwango cha kuhitimu kikavuka asilimia 50 katika kipindi cha muongo mmoja hivi. Viashiria 800 hatuvihitaji. Sisi tuna vistari vya wiki ya nane. Lakini ruzuku ile ya dharura tunaihitaji sana, kwa ajili ya mwanafunzi wetu anayezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa ada kiporo ambayo wakati mwingine haifiki bei ya kompyuta mpakato moja ya ofisini.

Kuna watakaouliza wanasihi watatoka wapi. Ni swali zito. Nchi ina watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, na madaktari bingwa wa afya ya akili hawafiki mia. Chombo cha Marekani kinachothibitisha huduma za unasihi vyuoni kinapendekeza mnasihi mmoja kwa kila wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Chukua Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 na kuchorwa kwa ajili ya wanafunzi 40,000: kikijaa kwa kipimo hicho kingehitaji wanasihi 27 kwa uchache. Najua hakuna bajeti itakayotoa namba hiyo mwaka huu. Lakini mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, umejenga na kukarabati majengo ya vyuo vikuu vyetu nchi nzima, na jengo lisilo na chumba hata kimoja cha mtu kukaa na mtu mlango ukafungwa limechorwa pungufu. Chumba kikiwepo, mtu wa kukaa humo hutafutwa.

Na watu hao hawalazimiki wote kuwa madaktari. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza na bibi 14 mtaani Mbare, Harare. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio la kitabibu lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kenya nako, Taasisi ya Shamiri ya Tom Osborn inawatumia vijana waliomaliza shule karibuni kuongoza vikao vya wanafunzi wa sekondari, na matokeo ya 2021 yalionyesha sonona na wasiwasi vikipungua. Vyuoni kwetu tunao wanafunzi wa mwaka wa tatu, tunao viongozi wa jumuiya za dini ambao usiku wa manane ndio wanaogongewa mlango. Sheikh wa msikiti wa chuo na mchungaji wa kanisa la chuo wanasikia mambo ambayo sisi hatutayasikia kamwe. Wafundishwe dalili za kumpeleka mtu kwa daktari, wapewe namba ya mnasihi, na waheshimiwe kama wenzetu katika kazi hii. Maombi na dawa havijawahi kugombana isipokuwa pale watu walipovigombanisha.

Wazee wangu wa Mlimani huniambia, "Sisi tulisoma bila wanasihi na tukatoka salama." Nawasikiliza kwa heshima, na wengine wao ndio walionifundisha. Lakini chuo walichosoma hakikuwa hiki. Oktoba 1961 kilipoanza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wote walitosha chumba kimoja. Hata baadaye, walipohamia kileleni Mlimani, serikali iliwalipia masomo, chakula kilikuwa kafteria, kitanda kilikuwepo, na ajira iliwangoja kabla hawajahitimu. Uchangiaji wa gharama ulianza miaka ya mwanzo ya 1990, Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004, na mwanafunzi wa leo anasoma huku deni linaongezeka na ajira haonyeshwi. Wahadhiri wa enzi zile walijua majina ya wanafunzi wao wote. Huo ndio uliokuwa unasihi wao, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Kuna jambo moja ambalo vyuo haviwezi kulimaliza peke yao. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mwanafunzi aliyefika ukingoni anajua hivyo, na wanaomzunguka bwenini wanajua, kwa hiyo wanaficha, wanachelewa kumpeleka hospitali, wanaogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye kosa hilo hilo, kinapingana na Katiba. Bunge letu lina uwezo wa kufika huko bila kusubiri kesi. Wakati tukisubiri Bunge, chuo kinaweza kuandika katika kanuni zake kwamba mwanafunzi aliyejaribu kujidhuru atapelekwa kwa daktari, hataitwa mbele ya kamati, chumba chake hakitachukuliwa, na atapangiwa mtu wa kumpokea siku anaporudi darasani. Kanuni hiyo isomwe wiki ya mapokezi, mbele ya mwaka wa kwanza wote, pamoja na kanuni za mitihani.

Kuhusu wanaoondolewa masomoni, ninaomba utaratibu ambao hauna gharama. Majina hujulikana kwenye Bodi ya Mitihani siku kadhaa kabla ya mfumo kufunguliwa. Katika siku hizo mshauri wa kitaaluma ampigie kila mmoja wa wanafunzi wake walio kwenye orodha, amwite aje na mtu anayemwamini, dada, mjomba, rafiki. Amwambie mwenyewe, kwa mdomo. Amweleze njia ya kukata rufaa na mwisho wake ni lini, chuo gani au stashahada gani inaweza kupokea alama alizokwisha pata, na mkopo wake utakuwaje. Amuulize analala wapi usiku huo na nani yuko naye. Kama kijana hawezi kumkabili baba yake, amuulize kama angependa simu ya nyumbani ipigwe na mwalimu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio ya idara hukusanywa miezi kadhaa kabla. Wakuu wa idara wanaosoma makala haya wana fomu za makadirio hayo mezani sasa au watakuwa nazo karibuni. Nafasi ya mnasihi ina mstari wake, saa za ushauri zina safu yake kwenye mzigo wa kazi, na mfuko wa dharura wa ada kiporo unaweza kuanza na kiasi ambacho idara nyingi hukitumia kwa viburudisho vya vikao. Vikiombwa vikakataliwa, viombwe tena mwaka unaofuata, na majina ya waliodisko bila kuonana na mtu yahesabiwe na kupelekwa Seneti pamoja na ombi.